Jua Kali Si Jina la Karakana Pekee

Kaburi la Elsa, yule simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson na kufa Januari 1961, liko kando ya Mto Ura, upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Meru. Kitabu cha Joy cha mwaka 1960 na filamu ya 1966 ndivyo vilivyolivumisha duniani. Mimi nimelizuru mara mbili, nikiandamana na vikundi vya wanafunzi kutoka Embu, mara zote mwezi Februari, na mara zote tulifika saa saba mchana.

Saa hiyo haikuchaguliwa na mtu. Ni matokeo ya kuondoka alfajiri na kupitia Chuka, Meru na Maua. Lakini tuzingatie maumbile ya nchi. Mji wa Embu uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Meru ni juu zaidi. Nyika inayoelekea Mto Tana huteremka hadi chini ya mita 400. Kwa kila mita 1,000 za mteremko, joto huongezeka kwa nyuzi sita hivi. Mtoto wa mlimani huhama tabianchi moja na kuingia nyingine katika muda wa asubuhi moja, ilhali mwili huhitaji kati ya juma moja na mawili kujizoeza joto. Mtharaka aliyekulia huko amekwisha kuzoea. Kwa hiyo ile kauli niliyoisikia ndani ya basi, kwamba sisi ni Waafrika na jua haliwezi kutudhuru, haina mashiko hata kidogo. Mwili hauulizi kabila, huuliza umekaa hapa siku ngapi.

Katika safari ya pili, msichana mmoja alianza kuyumba na kusema maneno yasiyopatana. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Papo hapo wakubwa wakaamua kuwa ni malaria, akapewa tembe za kutuliza homa, kisha akaketishwa ndani ya basi lililokuwa limeanikwa juani! Alinusurika kwa sababu dereva, mwenyeji wa nyika, alimtoa kivulini, akamlowesha maji na kumpepea kwa katoni.

Hapa nazungumza kama mwanaisimu. Lugha yetu humwita mwenye mwili wa moto kuwa ana homa, na homa hutibiwa kwa tembe. Lakini mtu aliyezidiwa na joto la nje hana homa. Mwili wake umeshindwa kujipoza, na tembe hizo hazimfai kitu. Anachohitaji ni kivuli, maji mwilini na upepo, kisha hospitali upesi. Nalo neno ambalo lingetutahadharisha, jua kali, tumelipa kazi nyingine. (Kiembu na Kimeru huliita jua riũa, mzizi ule ule.) Nchini Kenya jua kali ni fundi wa mabati, ni sifa ya mchapakazi asiyelalamika. Ajabu ni kwamba Rais Moi alipowazuru mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, aliwaahidi mabanda, yaani kivuli! Banda tumelisahau, tukabaki na sifa ya kuvumilia.

Majirani zetu wamekwisha kuonjeshwa. Februari 2025 wanafunzi walizirai mjini Juba, na serikali ya Sudan Kusini ikafunga shule kwa majuma mawili. Mwaka uliotangulia ilizifunga pia kwa sababu hiyo hiyo. Katika hija ya Juni 2024 walifariki zaidi ya mahujaji 1,300, wengi wao wakiwa wametembea mbali juani bila hifadhi.

Sisemi ziara zipigwe marufuku. Malango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kikundi kikilala Maua, katika baridi ya milima ya Nyambene, kinaweza kuwa langoni Murera saa hiyo, kikafika kaburini kabla ya saa nne, na adhuhuri ikawakuta watoto wakirejea milimani. Wazazi watauliza gharama ya malazi. Kumbi za makanisa na mabweni ya shule hazikosekani Maua, na blanketi kila mtoto anaweza kubeba la kwake.