Anayesikiliza Vilio Naye Ana Moyo

Mara nyingi tunaulizwa habari za wagonjwa wa kiwewe, yaani watu waliojeruhiwa moyoni na vita, mauaji au kunajisiwa. Ni mara chache mtu huuliza hali ya yule anayeketi nao na kuwasikiliza. Sisi wauguzi twaona kwamba huyo naye huumia. Usiku haoti ndoto zake, huota za wengine. Hukasirika upesi, hula kidogo, na wako wanaoanza kunywa. Wataalamu wa Marekani waliliandika jambo hili tangu mwaka 1990: kiwewe huweza kumwingia hata aliyesikia tu.

Tuwatazame jirani zetu wa Rwanda. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 waliuawa watu laki nane au zaidi kwa siku zipatazo 100, na nchi ikabaki karibu bila daktari wa magonjwa ya akili. Dk. Naasson Munyandamutsa alikuwa masomoni Uswisi. Jamaa zake waliuawa, naye akarudi nyumbani, akawa miongoni mwa waliojenga upya huduma hiyo hadi alipofariki mwaka 2016. Washauri wengi waliofundishwa wakati ule walikuwa wafiwa wao wenyewe. Mgonjwa alipomlilia mama yake, mshauri naye alikuwa na wake wa kumlilia. Wanyarwanda wana neno ihahamuka, mtu kukosa pumzi kana kwamba hana mapafu, na kila Aprili, wakati wa kumbukumbu, hali hiyo huwarudia watu hadi leo. Mshauri wa namna hii alipata wapi nguvu ya kurudi kazini Jumatatu?

Sisi twajibu: kwa matumaini. Lakini tuelewane ni matumaini gani. Anayetumaini kwamba mgonjwa atasahau yote huchoka mwaka wa kwanza, maana hakuna anayesahau. Matumaini yanayodumu ni madogo na yana macho. Mama aliyekuwa hapati usingizi, jana amelala saa nne mfululizo. Kijana aliyekuwa hasemi, leo ameomba mboga iongezwe chumvi. Twaona ingefaa mambo haya yaandikwe katika jalada la mgonjwa kama tunavyoandika homa na mapigo ya moyo, kwani mtu aliyechoka husahau upesi yaliyo mema.

Tena matumaini hayatoki kwa mshauri kwenda kwa mgonjwa tu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa washauri wa Bogotá, Kolombia, waliohudumia watu walioumizwa na ghasia za kisiasa na utekaji nyara. Walieleza kwamba ushupavu wa wagonjwa uliwatia nguvu wao wenyewe, wakayaona matatizo yao kwa jicho jingine. Halitushangazi. Nani atakaa na mjane aliyepoteza wote, naye bado analea yatima wa jirani, asiondoke na kitu?

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wakuu wa vituo. Mfanyakazi akisema amechoka, huambiwa ajipe moyo, kazi hii ni wito. Ni wito kweli (mshahara wenyewe mnaujua). Lakini matumaini hayawezi kushika nafasi ya likizo. Mshauri anayepokea watu kumi na wawili kwa siku, bila mwenzake wa kumtulia mzigo, atakauka hata awe mtakatifu. Kinyozi hajinyoi. Apangiwe idadi inayobebeka, asirundikiwe habari za kutisha mfululizo, na kila juma apate saa moja ya kuketi na mwenzake mwenye uzoefu, siri za wagonjwa zikilindwa. Sehemu kubwa ya haya haingoji wafadhili, yangoja ratiba. Ninyi mnaokaa katika kamati za hospitali na zahanati, kabla hamjapanga ratiba ya mwaka ujao, mwulizeni mshauri wenu ni lini alipumzika mara ya mwisho.