KUTOKA UWANJANI: TULICHEKA NINI?

Leo naacha ya darasani. Jumamosi jioni nilikaa vumbini na wengine kutazama ngoma na mchezo wa kuigiza, na nitasema ukweli.

Mwanzo ulikuwa mbovu. Maikrofoni ililia kama mbuzi, ikazimika, na sisi wa nyuma tukaona midomo tu.

Ngoma za Burundi ndizo zilizotuamsha. Wanaume waliingia wamejitwika ngoma kichwani, wanapiga huku wanatembea, halafu wakazipanga, ile ya katikati ikiongoza. UNESCO iliziandika kwenye urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Ila pembeni yangu wasichana wawili walikuwa wanapiga mdundo ule ule kwa vidole, kwenye magoti yao. Kule Burundi amri ya Rais ya mwaka 2017 ilikataza wanawake kuzipiga. Hapa hatuko Burundi, lakini sikuona aliyewaita.

Kisha mchezo: baba ana deni, anamwoza binti wa miaka 14. Binti alipolia, uwanja mzima ulicheka. Na mimi pia, jamani. Yule mtoto akasahau maneno, akanyamaza, akabaki anatutazama. Kicheko kikakatika chenyewe. Kwangu hapo ndipo palipokuwa pazuri kuliko pote, na hapakuandikwa na mtu.

Ni mwanafunzi wangu. Jumatatu alikuja na daftari lake, akauliza: “Mwalimu, mulikuwa munacheka nini?”

Mpaka leo sijamjibu.