Mpiga Chapa si Mchapishaji

Umekuwapo kwa muda mrefu, miongoni mwetu sisi walimu wa Kiswahili hapa Uganda, mtindo ambao hatuna budi kuupinga hadharani. Mwalimu hushinda darasani akisisitiza kwamba Kiswahili ni lugha iliyokamilika, inayoweza kubeba elimu yoyote na kazi yoyote. Jioni hushika muswada wa kitabu chake, au karatasi za mtihani wa wilaya, akateremka Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa katika mji wa Kampala. Mara avukapo kizingiti cha duka la uchapaji, Kiswahili chake hukiacha nje kama viatu msikitini. Mle ndani husema Kiingereza, au Kiluganda kilichochanganywa na Kiingereza. Ukimwuliza sababu hukujibu: "Kiswahili hakina maneno ya kazi ile."

Lau huo ungekuwa udhuru wa mtu mmoja mvivu tungeunyamazia. Lakini unatolewa na walimu, tena katika wakati usiofaa kabisa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili katika Katiba yetu tangu mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Vitabu havitoshi. Kwa hiyo wapo walimu wanaoandika vijitabu vya sarufi na vya kusomea, na kuvipeleka kuchapwa kwa fedha zao wenyewe. Mtu asiyejua jina la kitu anachokinunua hupunjwa, na hana wa kumlalamikia.

Kiswahili kimo katika viwanda vya uchapaji tangu zamani. Katika karne ya 19 wamisionari wa UMCA, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, walikuwa wakichapa vitabu vya Kiswahili Unguja, na mwaka 1888 pale Kiungani likaanza jarida la Msimulizi. Katika Unguja hiyo hiyo, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na matbaa yake iliyochapa vitabu vya dini kwa Kiarabu. Huko Tanga, katika shule ya serikali ya Kijerumani, gazeti la Kiongozi lilianza kutolewa mwaka 1904. Mambo Leo likafuata Dar es Salaam mwaka 1923. Je, mafundi wa viwanda hivyo, waliokuwa wakipanga herufi za risasi moja moja, wakipaka wino, wakikunja karatasi na kuzishona, walifanya kazi yao kwa ububu?

Hata lugha zetu wenyewe zinatushuhudia. Mganda anayefuata hati ya shamba lake katika ofisi ya ardhi huiita ekyapa, na kupiga chapa hukuita okukuba mu kyapa. Mnyarwanda husema gucapa kwa tendo, na icapiro kwa mahali pa kulitendea. Maneno haya yote ni jamaa wa chapa yetu, ambayo Waswahili nao waliipokea kutoka lugha za Bara Hindi. Mwanafunzi wa Kiganda anapoingia darasani neno la kwanza la kazi hii analo tayari kinywani. Mwalimu ndiye anayemwambia kwamba hana.

Sasa tuliseme lile hasa lililotufanya tushike kalamu. Kosa kubwa kuliko yote ni kuwachanganya mpiga chapa na mchapishaji, na kosa hili si la wanafunzi peke yao. Tumelisikia katika semina za walimu, tumelisoma katika dibaji za vitabu, na tumeliona katika karatasi za mitihani.

Mpiga chapa, ambaye wengine humwita mchapaji, ni mwenye mashine. Kazi yake ni kutia wino juu ya karatasi kwa malipo. Ukimletea kitabu cha hekima atakichapa, ukimletea kadi za harusi atazichapa vile vile, na hapaswi kuuliza kama hekima hiyo ni ya kweli au kama harusi hiyo itadumu. Mchapishaji ni yule anayesababisha kitabu kichapwe. Yeye huupokea muswada, huupima, huuhariri, hukitafutia kitabu nambari ya ISBN, humlipa mpiga chapa kwa fedha zake, husambaza, huuza, na humpa mwandishi mrabaha kwa kila nakala iliyouzwa. Hasara ikitokea ni yake. Sarufi tunayoifundisha kila siku imekwisha kulieleza jambo hili. Fundi hushona nguo, mwenye nguo huishonesha. Kiambishi cha kusababisha, ambacho tunawatungia wanafunzi wetu mazoezi mengi, kinafanya kazi hiyo hiyo katika chapisha. Ni ajabu kuona mwalimu akisahihisha zoezi la vinyambuo kwa kalamu nyekundu, kisha akaenda kutia sahihi karatasi asiyojua kama aliyemwandikia anachapa au anachapisha.

Mwalimu mwenzetu mmoja wa shule ya mbali na mji alitangazia jamaa na marafiki kwamba amepata mchapishaji. Alikuwa amelipia nakala 1,000, fedha taslimu, nusu kabla na nusu baada. Vitabu vilitoka vizuri, jalada linang'aa. Akakaa akisubiri mrabaha. Ulipopita mwaka akaenda kuudai, naye mwenye duka akamtazama kwa mshangao, kwani kwake yeye yule alikuwa mteja aliyekwisha kuchukua mzigo wake. Hakuibiwa hata shilingi. Alikuwa yeye mwenyewe ndiye mchapishaji wa kitabu chake bila ya kujua, na kazi za mchapishaji, yaani kutangaza, kusambaza na kuuza, hakuna aliyezifanya. Nakala nyingi zingali katika maboksi chini ya kitanda, na wanafunzi wa wilaya yake hawana kitabu cha kusomea.

Watatokea wenzetu watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo, na kwamba wazungumzaji wengi huyatumia maneno haya mawili bila ya kuyabagua. Ni kweli wanayatumia hivyo. Hata katika baadhi ya programu za kompyuta, kitufe cha kutoa maandishi kwenye karatasi kimeandikwa Chapisha, na kitufe cha kuyaweka maandishi mbele ya umma kimeandikwa Chapisha vile vile. Katika mazungumzo ya barazani hatuna ugomvi na mtu. Lakini lugha ya mkataba si lugha ya barazani, na mwalimu hakuajiriwa ili ayafuate mazoea yote yanayopita njiani. Mahali ambapo lugha imetoa maneno mawili kwa kazi mbili, kulitupa moja ni umaskini wa kujitakia.

Ndugu wa kosa hilo ni kule kuchanganya toleo, chapa na nakala. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, ikarekebishwa na kutoka tena mwaka 2004, na kwa mara ya tatu mwaka 2013. Hayo ni matoleo matatu, kwa kuwa yaliyomo yalibadilishwa. Kitabu kinapokwisha madukani kikarudishwa mashineni vile vile kilivyokuwa, hiyo ni chapa nyingine ya toleo lile lile. Nakala ni kile kitabu kimoja ulichokishika mkononi. Mwalimu anayewaagiza wanafunzi wanunue "chapa ya pili", naye amekusudia toleo la pili, asishangae darasa zima likifungua ukurasa wa 40 na kila mmoja akasoma habari yake.

Tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo fedha zinapopotelea. Karatasi hupimwa kwa uzito wa mita moja ya mraba. Ikisemwa ni ya gramu 80, maana yake ni kwamba mita moja ya mraba ya karatasi hiyo ina uzito wa gramu 80. Karatasi ya A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita hiyo, basi moja ina gramu 5, na rimu yenye karatasi 500 ina kilo 2 na nusu. Rimu ya gramu 70 haizidi sana kilo 2 na gramu 190. Mwalimu aliyeahidiwa gramu 80 aweza kuiweka rimu juu ya mizani ya muuza sukari akaujua ukweli papo hapo. Hili ni somo la hesabu na la Kiswahili kwa pamoja, na hatujaona kitabu cha kiada kinacholifundisha.

Kurasa nazo zina kanuni yake. Katika mashine kubwa hazichapwi moja moja. Karatasi pana huchapwa kurasa 8 upande mmoja na 8 upande wa pili, kisha hukunjwa mara tatu na kukatwa kingo, zikapatikana kurasa 16 zinazofuatana. Tuuite mkunjo, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Kitabu cha kurasa 64 ni mikunjo minne kamili. Kitabu cha kurasa 66 kinadai karatasi nyingine kwa ajili ya kurasa mbili tu. Na kikiwa ni cha kubanwa kwa pini katikati, hakiwezi kuwa na kurasa 66 hata kidogo, kwa sababu karatasi iliyokunjwa mara moja hutoa kurasa 4, na hesabu yote lazima igawanyike kwa 4. Mwandishi anayelijua hili atapunguza shukrani zake kwa ukoo mzima, ambazo aghalabu ndizo zinazojaza kurasa hizo mbili, naye ataokoa fedha.

Kuhusu rangi hatutasema mengi. Kioo cha simu huchanganya mianga ya nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi, kila mmoja na bamba lake. Ndiyo maana buluu iliyomeremeta kwenye simu hufifia juu ya jalada, na kumgombeza fundi hakuirudishi. Bamba moja lisipokaa sawasawa na mengine, picha huonekana kama ina kivuli kandokando yake, na hapo kosa ni la fundi. Mwambie rangi zimepishana. Atakuelewa, na atajua kwamba umeelewa.

Upo upande mwingine ambao nao hatukubaliani nao, ingawa wenyewe ni wapenzi wakubwa wa lugha. Hao huona maneno ya mafundi kuwa ni machafu, wakataka yote yafutwe na kuletwa mapya yaliyobuniwa mezani. Prufu hawaitaki, rimu hawaitaki, fonti hawaitaki, kwa kuwa ni ya kigeni. Tunawauliza: jalada si la kigeni? Limetoka katika Kiarabu, ambako shina lake ni ngozi. Karatasi nayo imepitia Kiarabu kutoka Kiyunani. Na rimu hiyo wanayoikataa kwa sababu ya Uingereza wake, Waingereza waliipokea kwa mkono wa Wafaransa na Wahispania kutoka kwa Waarabu, ambao rizma yao ni furushi. Neno lililozunguka dunia nzima likatufikia si la kufukuzwa mlangoni. Kazi ya kusanifisha istilahi, kama inavyofanywa na BAKITA nchini Tanzania tangu 1967, tunaiheshimu. Walakini istilahi huishi kinywani mwa anayeifanyia kazi, na afadhali tumwulize fundi kwanza anasema nini, ndipo tukae kubuni pale anaponyamaza.

Na kweli pako anaponyamaza. Ile ziada ya milimita 3 ya rangi inayoachwa nje ya mstari wa kukatia, ili jalada lisibaki na ukingo mweupe kisu kikipita pembeni kidogo, mafundi wengi huitaja kwa Kiingereza tu. Sisi tumezoea kuiita ziada ya ukingo. Mwenye neno bora na alilete. Lakini kwa herufi za mlazo, kwa kukoleza wino, kwa kujalidi, kwa kushona kwa uzi na kugundisha kwa gundi, hatuna haja ya kamati yoyote. Maneno yapo, ni ya kale, na yanatosha.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Watunga mitihani waache kuwauliza watoto "Nani alichapisha kitabu hiki?" iwapo wao wenyewe watatoa alama kwa jina la kiwanda lililoandikwa mwishoni mwa ukurasa wa haki. Na somo la ufahamu, ambalo kwa miaka mingi limelishwa hadithi za sungura na fisi, lipewe pia ukurasa huo wa haki wenyewe: wanafunzi wausome mstari kwa mstari, waseme nani mwandishi, nani mchapishaji, nani mpiga chapa, ni toleo la ngapi na ni chapa ya ngapi. Wengi wao wataajiriwa katika maduka hayo hayo ya Nasser Road kabla hawajaajiriwa mahali pengine popote.

Ama mwalimu aliye na muswada mkononi hivi sasa, na aandike agizo lake kwa Kiswahili namna hii: nakala 500, ukubwa A5, kurasa 64, karatasi ya ndani gramu 80, ya jalada gramu 250, ndani wino mweusi, jalada rangi nne, kubanwa kwa pini mbili, prufu isomwe na kutiwa sahihi na mwandishi kabla ya mashine kuwashwa. Amkabidhi fundi karatasi hiyo, amsomee, kisha wapatane bei.