Tusiwafungie nyumbani wachezaji wetu wa sataranji

Muhula wa pili ukifika, shule zetu nyingi hugeuka kuwa kambi. Basi hutiwa mafuta, vijana wa kandanda huongezewa maziwa na mayai, wasichana wa netiboli husamehewa kazi za jioni, na timu iliyofuzu kwenda kushindana na majirani zetu wa Afrika Mashariki huagwa kwa nyimbo na maombi. Sina ugomvi na hayo. Kandanda nami naipenda. Ninalouliza, mpenzi msomaji, ni hili: mbona mwanafunzi wa sataranji anayetaka kwenda Kampala au Kigali kupambana na wenzake huulizwa kwanza kama wazazi wake wana habari kwamba anapoteza wakati?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mlezi wa chama cha sataranji katika shule ya upili iliyo karibu na mpaka wa Busia. Nimeyasikia maneno haya katika vyumba vya walimu, katika mikutano ya wazazi, na hata kutoka kwa watu waliosoma sana. Mchezo wa kukaa kimya, wanasema, utachezwa popote. Wa nini kuvuka mpaka?

Kuna na wale wanaoshikilia kwamba mchezo wenyewe ni wa Wazungu na matajiri. Hao hawajalisikiliza jina lake. Sataranji ilizaliwa Bara Hindi ikiitwa chaturanga, ikapitia Uajemi, ikapokewa na Waarabu walioiita shatranj, na jina hilo ndilo lililotia nanga katika pwani yetu. Mfalme wa sataranji kwa Kiswahili ni shaha, neno la Kiajemi hilo, ambalo washairi wetu walilitwaa wakamvika bingwa wao wa malenga. Hebu tazama pia bao la kete: lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina kete 32 na miraba 64. Sisemi kwamba michezo hii miwili ni ndugu wa tumbo moja. Nasema tu kwamba mzee wa Lamu anayepiga hesabu ndefu kabla ya kutia mkono shimoni hatamshangaa mtoto anayefikiri dakika kumi kabla ya kumgusa farasi.

Sasa nije kwenye swali la mpaka, maana ndilo lenye uzito.

Kila mchezaji anayeshiriki mashindano yanayotambuliwa hupewa alama za kiwango. Utaratibu huo ulibuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria akaishi Marekani, na Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, lililoundwa Paris mwaka wa 1924, liliukubali mwaka wa 1970. Hesabu yake si ngumu. Mchezaji aliyemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kujipatia takriban robo tatu ya pointi wanazoshindania. Akifanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa, alama zake hupanda na za mpinzani hushuka. Akifanya vibaya, mambo huwa kinyume. Kwa maneno mengine, alama hazitoki mbinguni. Anayezipata huwa amezichukua kwa mwingine.

Fikiria basi chama cha akina mama cha kuchangiana fedha. Wanachama ni kumi, kila mmoja hutoa shilingi mia tano kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao hubeba kapu. Chama hiki kina manufaa yake, lakini hata kikiendelea miaka ishirini, fedha zinazozunguka ni zilezile za watu kumi walewale. Hivyo ndivyo ilivyo kwa wachezaji wanaokutana wao kwa wao Jumamosi baada ya Jumamosi. Ubaya zaidi ni kwamba vijana huingia na alama za chini, hujifunza upesi kuliko hesabu inavyoweza kuwafuata, na huwapokonya wakubwa alama. Matokeo ni kundi zima kushuka kwenye karatasi ilhali linapanda kwenye ubao. Tatizo hili halikuwa letu pekee. Mnamo Machi 2024 FIDE yenyewe ililazimika kuwaongezea alama kwa mkupuo mmoja wachezaji waliokuwa chini ya 2000, ikapandisha na kiwango cha chini kabisa hadi 1400. Lakini dawa hiyo ilikuwa ya mara moja, na haimletei mtu wa Kisumu au Eldoret mpinzani mpya.

Nayo njia ya vyeo ni nyembamba zaidi. Bwana wa kimataifa huhitaji kufikisha alama 2400, na grandimasta 2500. Isitoshe, wote wawili sharti waonyeshe ubingwa huo katika mashindano ambamo wapinzani wana vyeo na wametoka nchi mbalimbali. Mtu hawezi kuyatimiza hayo akiwa amejifungia Nairobi, hata akiwa na kipaji cha ajabu. Kenya haijawahi kutoa grandimasta. Wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara, Amon Simutowe wa Zambia, alipata cheo hicho mwaka wa 2009, naye alikuwa amesomea Marekani na kucheza Ulaya. Jirani zetu wa Uganda wamewapata mabwana wa kimataifa kama Elijah Emojong na Arthur Ssegwanyi, na sidhani kwamba watoto wa Jinja wamezaliwa na akili kuliko watoto wa Bungoma.

Uganda inanikumbusha kisa ambacho wasomaji wengi wanakijua nusu. Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliingia katika darasa la sataranji la Robert Katende akifuata bakuli la uji. Filamu iliyotolewa mwaka wa 2016, ambamo Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o aliigiza kama mamake, imeisambaza habari hiyo ulimwenguni. Lakini watu hukumbuka uji na umaskini, wakasahau safari. Mwaka wa 2009 Phiona na wavulana wawili wa Katwe walipelekwa Juba kwenye mashindano ya watoto, wakarudi na ushindi. Mwaka uliofuata alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya sataranji. Na baada ya ile ya Istanbul ya mwaka wa 2012 alipewa cheo cha kwanza katika ngazi za wanawake. Juba haikuwa na fahari yoyote. Ilikuwa safari ya jirani kwa jirani, na pasipo safari hiyo sioni ni nani angalimfikiria mtoto wa Katwe kwa Urusi.

Wakati mwingine sisi walimu tunaopenda mchezo huu ndio tunaouharibia. Mkuu wa shule akituuliza utasaidia nini, tunakimbilia jibu jepesi: utainua alama za hisabati. Jibu hilo ni mtego. Mwaka wa 2016 ilitolewa ripoti ya utafiti uliohusisha shule za msingi 100 nchini Uingereza. Watoto waliofundishwa sataranji kwa wiki 30 walipopimwa mwaka mmoja baadaye, hawakuonekana kuwapita wenzao katika hisabati. Basi mkuu wa shule akiisoma ripoti hiyo atafunga kabati la vibao na kuweka ufunguo mfukoni, nasi tutakuwa tumempa sababu kwa ndimi zetu wenyewe. Ni nani aliyewahi kumtaka mchezaji wa kandanda athibitishe kwamba mkwaju wa penalti umemsaidia katika kemia? Sataranji ifundishwe kwa kuwa ni kazi njema ya akili, na wenye kipaji wapelekwe mbali kwa kuwa wana kipaji.

Kwa hakika yako mafunzo ambayo shuleni hayapatikani. Msichana mmoja niliyemsindikiza Kampala alikuwa hajapata kushindwa shuleni kwetu kwa muhula mzima. Katika michezo sita alishindwa minne. Mchezo wa tatu aligusa ngome kabla ya kuona hatari, na kwa kuwa sheria inasema kete iliyoguswa sharti isogezwe, aliisogeza huku machozi yakimlengalenga. Hakuwapo mwamuzi wa kumlaumu, hakuwapo mlinda lango wa kumtupia lawama. Jioni ile nilidhani ataomba turudi nyumbani. Alichoomba ni kalamu. Alikaa na mpinzani wake, mwanafunzi wa Kampala aliyemshinda, wakafungua karatasi walizoandikia hatua zao, na kwa saa nzima wakabishana juu ya hatua ya kumi na tisa. Mwaka mzima wa kucheza nasi haukuwa umempa mtu wa kubishana naye hivyo.

Najua nitaambiwa kwamba siku hizi kijana anaweza kucheza na mtu wa Mumbai kwa simu bila kupanda basi. Naam, na acheze. Ni mazoezi mazuri. Lakini alama za michezo hiyo hazimfikishi kwenye vyeo nilivyovitaja, na haiba ya mpinzani aliyeketi mbele yako akipumua na kugongagonga saa haipitishwi kwa waya. Isitoshe, kwenye simu ni vigumu kujua kama unacheza na mtu au na mashine iliyo mfukoni mwake.

Hoja ya fedha ni ya kweli zaidi, nami siidharau. Mzazi anayehangaika na karo hawezi kuombwa nauli, malazi na ada ya mashindano kana kwamba ni peremende. Lakini fikra kwamba kila safari ya nje ni ghali kuliko ya ndani imetokana na kuitazama ramani kutoka Nairobi. Kutoka Busia hadi Kampala ni takriban kilomita 200. Hadi Nairobi ni zaidi ya 400. Mwanafunzi wa Namanga yuko karibu na Arusha kuliko mji wetu mkuu, na wa Taveta hufika Moshi kabla dereva hajachoka. Tangu mwaka wa 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka kwa vitambulisho vya kitaifa, na kwa wanafunzi wasio navyo zipo hati za muda na barua za wazazi. Kwa nini basi shule za Busia, Kajiado na Taita Taveta zingoje mwaliko wa mashindano makubwa, ilhali shule za jirani ziko ng'ambo ya daraja?

Ningependa wakuu wa elimu katika kaunti za mipakani walifikirie jambo hili, hasa wakati huu ambapo shule za upili tangu Januari 2026 zina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ikiwa mkondo huo utamaanisha mbio na mpira peke yake, utakuwa umeanza kwa mguu mmoja. Nao wanaoandaa mashindano makubwa ya wakati wa Pasaka huko Nairobi wangefanya vyema kuwatengea wanafunzi wa kaunti za mbali nafasi zisizolipiwa ada. Wachezaji bora wa kigeni huja huko, na mwanafunzi wa Marsabit ana haki ya kupigwa na mmoja wao angalau mara moja kwa mwaka.

Kwa upande wangu sitangoja. Mimi na mwalimu mwenzangu wa Busia ya Uganda tumeafikiana kukutanisha wanafunzi kumi na wawili katika likizo ya Agosti, sita wa kwao na sita wa kwetu, kwa siku mbili. Vibao sita vipo, saa tunazo nne, na mbili tutaazima. Chakula kitapikwa shuleni kwao, nasi tutachangia mchele na maharagwe. Barua za wazazi nimekwisha kuziandika. Tano zimerudi na sahihi. Ya sita bado ninaifuatilia, kwa kuwa baba wa kijana huyo anataka kwanza kujua mtihani wa hisabati ulikwendaje.