Kilo 23 Hizo ni za Nani?

Ndugu wanajumuiya, simu zimeanza.

Tangu tutangaze kwamba Julai tunakwenda nyumbani Tanzania kwa pamoja, kila aliyemo kwenye orodha anapigiwa na watu ambao hajawasikia tangu msiba wa mwisho. Salamu zinakuwa ndefu, watoto wanaulizwa mmoja mmoja, halafu linakuja lenyewe: "Nina kamzigo kadogo tu." Kamzigo hako ukikaona ni viatu jozi nne, simu iliyotolewa kwenye boksi lake ili isionekane mpya, na bahasha iliyogundishwa kwa gundi ya kutosha kuziba paa.

Tuanze na hesabu. Tiketi tulizokata zinampa kila msafiri mabegi 2, kila moja kilo 23. Begi kubwa la magurudumu likiwa tupu lina kilo 4 au 5, kwa hiyo ulichonacho hasa ni kilo 18 au 19 kwa kila begi. Mwaka niliowapeleka wanangu kwa mara ya kwanza, tulifika kaunta ya hapa Houston begi moja likasoma 29. Tukalifungua sakafuni, foleni nzima imesimama nyuma yetu inatazama nguo zetu za ndani. Ilibidi kitu kitoke. Losheni sita za binti mmoja wa Sinza, ambaye mpaka leo sijamwona kwa macho, hazikuguswa, maana ni amana ya watu. Masweta ya watoto yakarudi nyumbani na shemeji aliyetusindikiza. Si Afrika kuna joto?

Wiki moja baadaye tulikuwa Njombe. Julai, saa kumi na mbili asubuhi, pumzi zinatoka mdomoni kama moshi, na watoto wamejizungushia vitenge vya bibi yao mpaka masikioni. Wenye kwenu Njombe, Makete, Lushoto na Mbulu mnanielewa. Losheni, alhamdulillahi, ilifika salama.

Blenda niliyobebeshwa ilifika pia. Ikachomekwa Mbagala, ikaguna, ikatoa moshi, ikanyamaza. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Tanzania ni 230, na ile adapta ya miguu mitatu inabadilisha umbo la plagi tu, umeme unabaki uleule. Chaja za simu na za kompyuta kwa kawaida zinahimili kotekote. Soma maandishi madogo mgongoni mwake, ukiona 100–240 usiwe na wasiwasi. Blenda, pasi na mashine za kukaushia nywele ziacheni. Kariakoo zimejaa tele, na plagi zake ni za kulekule.

Hapo ndipo penye neno langu. Karibu kila tunachokibeba Kariakoo kipo. Hata fulana tunazozivizia kwenye punguzo la bei: marobota ya mitumba kutoka nchi hizihizi yanafunguliwa Karume, Ilala, na wapwa zetu wanajua kuchagua kuliko sisi. Tunajitwisha kwa sababu tunaona haya kufika mikono mitupu. Haya hiyo naijua, nimeibeba mwenyewe na kuilipia uzito wa ziada. Lakini shangazi ukimpa pesa mkononi atanunua anachokitaka, na viatu vitakuwa vya namba yake.

Mizigo mingine siipingi. Dawa ya mzazi, ikiwa kwenye chupa yake yenye jina lake na maelezo ya daktari, ibebe kwa heshima. Miwani vilevile. Ila kitu kilichofungwa na mtu mwingine kisiingie begini mwako. Kwenye uwanja wa ndege unaulizwa kama begi umelifunga mwenyewe, na ukishajibu ndiyo, kilichomo ni chako, si cha aliyekupa. Anayetuma afungue mbele yako, mkague pamoja, ndipo upokee. Akinuna, mwambie mkorofi ni mimi, mhariri.

Nafasi itakayopatikana naiombea watoto, masweta yao na dawa zao za kinga ya malaria, na hapa kwenye malaria naomba mnivumilie kidogo.

Wengi wetu tulioondoka zamani bado tunajiona watu wa Tandale, mbu wanatujua kwa majina. Mwili hauna kumbukumbu hiyo. Kinga ambayo mtu anaipata kwa kuugua malaria mara kwa mara hupungua akikaa miaka mingi mbali, na watoto waliozaliwa huku hawajawahi kuwa nayo hata kidogo. Safari ileile, tumesharudi Dar, siku ya kumi na mbili, binti yangu alichemka usiku mpaka meno yakagongana. Zahanati walimtoboa kidole, kipimo kikatoa mistari miwili ndani ya robo saa. Mimi, msomi wa familia, nikauliza kama klorokwini ipo. Nesi alinitazama kama mtu aliyetoka pangoni. Tanzania iliachana na klorokwini mwaka 2001. Mtoto akapewa dawa ya mseto, akapona, mimi nikabaki na aibu yangu.

Kwa hiyo muoneni daktari mapema, wiki nne mpaka sita kabla ya safari, nyinyi na watoto. Zipo dawa za kinga zinazoanzwa siku moja au mbili kabla ya kuondoka na kuendelea siku 7 baada ya kurudi. Nyingine zinaendelea wiki 4. Wengi huziacha mara tu wanapotua Houston, nao ndio wanaougua Agosti. Homa ikikupata huku baada ya safari, neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba ulikuwa Tanzania, maana yeye atafikiria mafua.

Karatasi nazitaja kwa haraka. Wenye pasipoti ya Marekani mnahitaji viza, dola 100, iombeni mtandaoni mapema. Pasipoti ya mtoto aliyeipata kabla ya miaka 16 ni ya miaka 5 tu, basi kaiangalieni leo. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake achukue barua ya mwenzake yenye muhuri wa mthibitishaji. Mgeni anayeingia Zanzibar anakata bima ya dola 44 tangu Oktoba 2024. Atakayejitenga na kundi akapitia Nairobi au Addis Ababa na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12, awe na cheti cha homa ya manjano. Betri za akiba za simu zinakaa begi la mkononi. Na jamani, msifunge viatu kwa mifuko ya dukani: nyumbani mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na wageni nao wanaambiwa waiache uwanjani.

Jumamosi mbili kabla ya safari tunakutana ukumbini saa nane mchana. Njooni na mabegi yakiwa wazi, pasipoti, na kadi za chanjo za watoto. Mzani nitaleta mimi. Chai ipo, na masweta yasibaki nyumbani.