Uso Usio na Haya

Wahenga walinena kuwa uso umeumbwa na haya. Siku hizi umeundwa uso mwingine, usiojua haya, na wapo wanaoshangilia kwamba watu wameanza kuuamini. Hoja yao haisimami.

Hutegemea jaribio lililochapishwa mwaka 2012 na David DeSteno wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, na wenzake, akiwemo Cynthia Breazeal wa MIT. Watu wasiojuana walizungumza wawili wawili, kisha wakacheza mchezo wa kugawana fedha. Ikabainika kwamba ishara nne zikija pamoja, yaani kujivuta nyuma, kujigusa uso, kushikashika mikono na kuikunja kifuani, humfichua mwenye kujipendelea. Kisha roboti iitwayo Nexi ikafanyishwa ishara zizo hizo, na walioziona wakapunguza imani nayo.

Jaribio hilo lathibitisha kuwa binadamu husoma mwili. Halithibitishi kuwa ndani ya Nexi mna cha kusomwa. Mtu hujigusa uso bila kukusudia; siri imemponyoka, na ndiyo maana ishara yake ni shahidi. Nexi haikuponyokwa na lolote, kwani waliiongoza watu waliojificha. Ishara iliyoamriwa si shahidi, ni wakili.

Atatokea wa kusema kwamba mwigizaji naye hulia machozi ya kuamriwa. Naam, ila mtazamaji amekata tiketi akijua aendako. Bibi kizee anayekodolewa macho ya plastiki kitandani pake hakukata tiketi yoyote.

Na hatari si ya kubuni. Mwaka 2016 watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walichapisha jaribio ambamo walizua moshi wa bandia katika jengo. Washiriki wote 26 waliifuata roboti, ilhali nusu yao walikuwa wameiona punde tu ikikosea njia. Imani ikishaingia kwa mlango wa macho, akili hugonga bila kufunguliwa.

Hata sarufi imeanza kuhongwa. Husikika “roboti ameinama”, “roboti ametabasamu”. La hasha! Imeinama, imetabasamishwa. Kiambishi kimoja kikitolewa bure, nafsi nzima imetolewa bure.

Basi imani isiombwe na mashine. Na aiombe aliyeiunda, kwa jina lake, aeleze ni ishara ipi aliyoipanga na kwa faida ya nani. Amana hupewa mtu ambaye, ikipotea, mlango wake wajulikana.