Pumzi Isiwe Bidhaa ya Wenye Nacho



Hewa tunayoivuta hapa Gulwe ni ile ile wanayoivuta watu wa Paris na New York: sehemu 21 katika kila 100 ni oksijeni. Hakuna binadamu aliyeiumba, wala hakuna mwenye hati yake. Lakini mtoto aliyezidiwa na homa ya mapafu hawezi kujitosheleza kwa hewa hiyo. Anahitaji oksijeni iliyotenganishwa na kutiwa mtungini, na hapo zawadi ya wote hugeuka bidhaa ya wachache.

Ujuzi wa kuitenganisha si siri. Tangu mwaka 1895 Mjerumani Carl von Linde alionyesha jinsi ya kuipoza hewa hata iwe kimiminika. Biashara yake, hata hivyo, imezidi kukusanywa mikononi mwa wachache. Kampuni ya Linde iliinunua BOC ya Uingereza mwaka 2006, kisha ikaungana na Praxair ya Marekani mwaka 2018. Linde, Air Liquide ya Ufaransa na Air Products ya Marekani ndizo zinazotawala soko la dunia. Wateja wao wanaopewa kipaumbele ni viwanda vya chuma, mafuta na kemikali, si zahanati ya kijiji.

Tunaambiwa kwamba soko huria litashusha bei lenyewe. Je, ni kweli? Mwaka 2002 Tume ya Ulaya iliyatoza makampuni kadhaa ya gesi faini ya zaidi ya yuro milioni 25, kwa sababu katika miaka ya 1990 yalikula njama ya kupanga bei nchini Uholanzi. Ikiwa yalithubutu hivyo mahali penye sheria kali, mnyonge wa Afrika atalindwa na nani?

Wenye makampuni hujibu kwamba umeme, mitungi na usafiri ni gharama. Hilo hatulikatai. Mtungi wa chuma ni mzito, na njia zetu tunazijua: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliivunja reli kati ya Kilosa na Gulwe. Lakini ugumu wa njia ni sababu ya kuzalisha oksijeni karibu na mgonjwa, si sababu ya kumwacha afe.

Inawezekana. Baada ya janga la UVIKO-19, Serikali ilipata mwaka 2021 mkopo wa dola milioni 567 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikajenga mitambo ya oksijeni hospitalini. Deni hilo tutalilipa sote. Basi sote tuna haki ya kuuliza: mtambo unafanya kazi? Ukiharibika, nani anautengeneza? Umeme ukikatika, mgonjwa anapumua nini? Mitungi inafika kwenye zahanati na vituo vya afya? Bei yake imebandikwa ukutani?

Leo treni ya umeme inapita Gulwe. Taifa lililoweza kuufikisha umeme huo hapa haliwezi kusema kwamba pumzi ya mtoto wa Mgogo ipo mbali mno.

Maswali haya tuyapeleke kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani wetu, tena yaandikwe kwenye muhtasari. Oksijeni ni dawa. Anayeihitaji apewe kwanza. Hesabu ifuate baadaye.